Mwalimu Julius Nyerere na Amri ya Nane

Katika masomo yetu ya Amri za Mungu tumefika kwenye Amri ya nane, ile inayotukataza kusema uongo na kumsingizia mwenzetu. Watu wengi huidharau amri hii. Mtu aliyeiba mbuzi huona haya kupita mbele ya mwenye mbuzi. Lakini mtu aliyemwondolea jirani yake jina jema kwa maneno ya uongo huenda kulala bila wasiwasi, na kesho yake humsalimu jirani huyo kana kwamba hakuna kitu.

Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu mmoja wa Afrika. Mtu huyu aliongoza taifa kubwa, na habari zake zinajulikana duniani kote. Lakini kabla ya kuongoza taifa alikuwa mwalimu wa shule ya misioni, kisha akatoa gazeti dogo, na kwa sababu ya gazeti hilo akasimama mbele ya hakimu. Tena, kama ninyi, alikuwa kwanza mkatekumeni.

Jina lake ni Julius Kambarage Nyerere. Nchi yake si mbali nasi. Ukisimama Kalemie au Moba na kutazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kule linakotoka jua, ndiyo Tanzania. Na sisi wa Kampemba tunajua malori ya shaba yanayoshika njia ya Kasumbalesa. Mengi huendelea mpaka bandari ya Dar es Salaam. Katika mji huo ndimo ilimosikilizwa kesi tutakayoisimulia.

1. Mtoto wa Butiama

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, upande wa mashariki wa ziwa kubwa la Nyanza, linaloitwa pia Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, kabila dogo la nchi ile. Alikuwa na wake wengi, na mama yake Kambarage, jina lake Mugaya, alikuwa mmoja wao. Ingawa alikuwa mtoto wa mtemi, Kambarage alichunga mbuzi na kulima shamba pamoja na mama yake kama watoto wengine.

Alikuwa na umri wa miaka 12 alipopelekwa shuleni Mwisenge, karibu na mji wa Musoma. Watoto wengi wa leo huanza mapema zaidi, lakini yeye hakukata tamaa kwa kuchelewa. Alijifunza kwa bidii, na mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora. Kutoka hapo alikwenda Makerere, katika nchi ya Uganda, mwaka 1943, akajifunza ualimu mpaka mwaka 1945.

2. Mkatekumeni

Akiwa bado mwanafunzi, Kambarage alianza kusikiliza mafundisho ya dini kwa wamisionari waitwao Mapadri Weupe. Hakubatizwa upesi. Miaka ilipita, naye akaendelea kusikiliza, kuuliza na kufikiri. Baba yake alikufa mwaka 1942. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, akapokea Ubatizo akiwa na umri wa miaka 21, akaitwa Julius.

Wako kati yenu wanaonung'unika kwamba muda wa ukatekumeni ni mrefu. Wanasema wenzao wa madhehebu mengine huingizwa majini baada ya wiki mbili tu. Mtazameni kijana huyu. Alikuwa na akili kuliko wengi wa rika lake, na angeweza kuyakariri maswali yote ya katekismu kwa siku chache. Lakini kukariri si kuongoka. Alichukua miaka kwa sababu alitaka kujua ni neno gani atakalolitamka mbele ya kisima cha Ubatizo, na kama ataweza kulishika.

Neno hilo alilishika hata katika ndoa. Katika nyumba ya baba yake alikuwa ameona desturi ya wake wengi. Yeye alimwoa mke mmoja, Maria Gabriel Magige, mwezi wa Januari 1953, akaishi naye mpaka kufa kwake.

3. Mwalimu

Baada ya Makerere, Julius alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, shule ya Mapadri Weupe. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, katika nchi ya Scotland, akajifunza huko mpaka mwaka 1952. Aliporudi alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tangu hapo watu walimwita Mwalimu, na hata alipokuwa Rais jina hilo halikumwacha.

Wakati ule Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1953 Julius alichaguliwa kuwa kiongozi wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa chama kipya kilichoitwa TANU. Shabaha yake ilikuwa kuwaunganisha watu wote wa nchi, bila kutazama kabila wala dini, na kudai uhuru kwa njia ya amani.

Mwezi wa Machi 1955 alisafiri mpaka New York kusema mbele ya baraza la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, ikambidi kuchagua kati ya ualimu na siasa, maana hakuweza kufanya kazi zote mbili. Alikuwa na mke na mtoto, na mshahara wa ualimu ulikuwa wa hakika. Akaandika barua ya kuacha kazi, akarudi kwao bila mshahara.

Katika miezi ile, alimfundisha padri mmoja wa shirika la Maryknoll lugha ya Kizanaki, akasaidia kuyatafsiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo. Ninyi mnaosomewa mafundisho kwa lugha mnayoielewa, kumbukeni kwamba kila neno la katekismu liliwahi kutafutwa na mtu fulani aliyekaa kitako na kupima: Je, neno hili linasema kweli ile ile, au linaipotosha? Kazi hiyo humfundisha mtu kuogopa kutumia neno ovyo.

4. Gazeti dogo

TANU ilikua upesi. Serikali ikaanza kuwa na hofu. Mapema mwaka 1957 ilimkataza Julius kuhutubia mikutano ya hadhara. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kusema na watu akafungwa kinywa.

Mwaka huo huo chama kilianza kutoa gazeti lake, jina lake Sauti ya TANU, na Julius akawa mhariri wake. Msidhani lilikuwa gazeti kama yale yauzwayo mjini, lenye picha na kurasa nyingi. Zilikuwa karatasi zilizopigwa chapa kwa mashine ndogo ya kurudufu, kama ile iliyotumiwa zamani katika shule za misioni kwa kutoa karatasi za mitihani. Mashine ile huandamana na wino unaochafua vidole, na mkono hulazimika kuizungusha. Lakini karatasi husafiri mahali ambapo mtu amekatazwa kufika. Mmoja aliyejua kusoma aliweza kuwasomea wengi wasiojua.

Hapa ndipo hatari ya gazeti ilipo, na ndipo tunapoiona Amri ya nane. Mtu akisema jambo baya juu ya mwenzake mbele ya watu watatu, anaweza kesho kuwafuata watu wale watatu na kusahihisha kosa lake. Akiliandika na kulitawanya, atawafuata nani? Karatasi imekwenda, na hajui imeingia nyumba ngapi. Kwa hiyo mwenye gazeti anayo nguvu kubwa ya kutetea wanyonge, na anayo pia nguvu kubwa ya kuumiza.

5. Mbele ya hakimu

Mwezi wa Mei 1958, gazeti hilo lilitoa makala iliyowalaumu maafisa wa serikali waliotawala wilaya. Watu wa chama katika sehemu mbalimbali walikuwa wameleta malalamiko kwamba wanaonewa na kuzuiliwa katika kazi yao. Julius aliandika juu ya malalamiko hayo kwa maneno makali, ili serikali kuu isikie. Serikali ilisikia, lakini badala ya kuwachunguza maafisa, ilimshitaki mwandishi kwamba amewakashifu.

Kesi ikasikilizwa Dar es Salaam. Wakili mashuhuri, D. N. Pritt, alikuja kutoka Uingereza kumtetea; ndiye aliyemtetea pia Jomo Kenyatta wa Kenya miaka michache kabla. Watu wengi walikusanyika nje ya mahakama siku kwa siku.

Wapendwa, fikirini nafasi aliyokuwa nayo. Sauti ya TANU ilikuwa karatasi ya chama. Mwandishi mwenye woga angeweza kusema: Sikuandika mimi, waliandika vijana wa ofisi, mimi nilikuwa safarini, mimi nilipewa tu habari. Angeweza kumsukumia lawama karani asiye na jina. Julius hakufanya hivyo. Alikubali kwamba maneno ni yake, akaeleza kwa nini aliyaandika, akakubali kuulizwa maswali na wakili wa serikali mbele ya watu wote.

Mwezi wa Agosti 1958 hakimu alitoa hukumu. Alimwona Julius ana hatia ya kuwakashifu maafisa wawili, akamwamuru alipe faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au akae gerezani miezi sita.

Kulikuwa na watu waliotaka achague gereza. Waliona kwamba kiongozi aliyefungwa hupata sifa kubwa zaidi, na umati uliokuwa nje ungeweza kuwaka hasira. Julius akachagua kulipa. Hakukimbia nchi, wala hakuwaita watu wapigane. Mwezi uliofuata kulikuwa na uchaguzi, na kwa kuwa alikuwa huru, aliweza kuwaongoza watu wake mpaka wakashinda kwa amani.

Je, Julius alikuwa na haki au alikuwa na kosa? Mahakama ile ilikuwa ya watawala, na wengi waliamini kwamba malalamiko ya wananchi yalikuwa na msingi. Lakini tusipite haraka. Mtu anayemshitaki mwenzake hadharani lazima awe na ushuhuda ulio imara, hata kama mwenzake huyo ni mtawala asiyependwa. Amri ya nane haisemi kwamba tunaweza kumsingizia adui na kumhurumia rafiki. Inamlinda kila mtu. Nasi tunaweza kujifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba ni vizuri kusema kwa ajili ya walioonewa, na kwamba msemaji lazima awe tayari kuulizwa habari ya kila neno alilolitoa.

6. Kiongozi wa taifa

Mambo yaliyofuata yanajulikana, nasi tutayasimulia kwa kifupi. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Julius akawa kiongozi wa serikali. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru bila vita. Wiki chache tu baadaye, mwezi wa Januari 1962, aliacha uwaziri mkuu kwa hiari yake, akazunguka nchini kukiimarisha chama. Mwisho wa mwaka ule alichaguliwa kuwa Rais. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika iliungana na Zanzibar, na ndiyo nchi inayoitwa Tanzania.

Katika nchi yenye makabila zaidi ya mia, alisisitiza lugha moja, yaani Kiswahili. Alisimamia shule na elimu ya watu wazima, hata wazee wakajifunza kusoma. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, lililosema kwamba mali ya nchi iwe kwa faida ya wote na kwamba viongozi wasijitajirishe. Yeye mwenyewe hakujilimbikizia mali. Mara nyingi alionekana kanisani alfajiri kwa Misa, akipiga magoti kati ya watu wengine.

7. Alipokuwa na nguvu

Wapendwa wakatekumeni, tungekuwa tunavunja Amri ya nane sisi wenyewe kama tungesimulia mema tu. Kumsifu mtu kwa kuficha makosa yake ni namna ya uongo. Basi tuseme na yale mengine.

Mwaka 1962 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria iliyomruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mbele ya hakimu. Julius alipokuwa Rais alitumia sheria hiyo. Mtu aliyepata wakili na hakimu na nafasi ya kujieleza mwaka 1958 aliwafunga wengine ambao hawakupata mambo hayo.

Habari ya magazeti nayo ilikuwa hivyo. Mwezi wa Februari 1970 serikali ililitwaa gazeti kubwa la Dar es Salaam lililoitwa The Standard, na Rais mwenyewe akawa mhariri mkuu kwa jina. Alitoa maagizo kwamba gazeti liwe huru kuikosoa serikali. Lakini mwaka 1971 mhariri aliyekuwa akiliendesha aliondolewa kazini baada ya gazeti kuwalaumu watawala wa Sudan. Mtu aliyezijua karatasi za mashine ya kurudufu, na aliyejua jinsi mtawala anavyochukia kulaumiwa, alikuwa sasa ndiye mtawala.

Tena kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa kutoka makao yao ya zamani na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa. Kusudi lilikuwa jema, yaani kuwaletea maji, shule na matibabu. Lakini wengi walihamishwa kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zao zilichomwa moto. Mwenye nyumba aliyeona paa lake likiungua hakufarijiwa na kuambiwa kwamba kusudi ni jema.

8. Kukiri

Kwa nini basi tunamweka mtu huyu mbele yenu? Ni kwa sababu ya jambo ambalo viongozi wachache hulifanya, na ambalo sisi watu wadogo tunaona shida kulifanya hata nyumbani kwetu. Alikubali kusema makosa yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, alitoa kitabu kidogo cha kuipima kazi yake. Angeweza kuandika sifa, wala hakuna ambaye angethubutu kumbishia. Badala yake alieleza waziwazi kwamba nchi haijafika ilikokusudia kufika, akataja mapungufu yake. Baadaye, alipokaribia kuacha urais, alikiri pia kwamba yalikuwa makosa kuzifuta serikali za wilaya na kuvivunja vyama vya ushirika vya wakulima. Mambo hayo mawili yalifanyika chini ya uongozi wake mwenyewe.

Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari, akarudi Butiama kulima. Katika Afrika ya wakati ule, marais wengi walikaa kitini mpaka wakafa au wakafukuzwa. Yeye alikabidhi kazi akiwa mzima, akamwona mwingine akikaa mahali pake.

Hata hivyo hakuacha kuandika. Mwaka 1994 kilitoka kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, alimowakosoa viongozi wa chama chake mwenyewe. Tena alizigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, na vitabu hivyo vilichapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, ambao Wabenediktini wenzao walihubiri pia hapa Katanga. Angalieni safari ya mtu huyu: alipokuwa kijana alisaidia kutafuta maneno ya katekismu kwa Kizanaki, na alipokuwa mzee alikaa akihesabu mizani ya tenzi ili Waswahili waweze kuimba Habari Njema.

9. Kifo chake

Katika miaka yake ya mwisho alifanya kazi ya kuwapatanisha watu wa Burundi, jirani zetu, waliokuwa wakiuana. Akiwa bado katika kazi hiyo, alishikwa na ugonjwa wa saratani ya damu. Alikufa katika hospitali moja ya London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na umri wa miaka 77. Mwili wake ulirudishwa Tanzania, watu wasiohesabika wakasimama njiani kumlilia, akazikwa Butiama, pale alipozaliwa.

Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza kuyachunguza maisha yake ili ijulikane kama anastahili kutangazwa mwenye heri, naye akapewa jina la Mtumishi wa Mungu. Fahamuni vizuri maana yake. Jina hilo si sawa na utakatifu uliotangazwa, wala Eklezya haifanyi haraka. Huwaita mashahidi, husoma maandiko, huuliza mema na mabaya. Hata juu ya marehemu, Eklezya hushika Amri ya nane.

10. Fundisho kwetu

Labda mmoja wenu atasema: Habari hizi ni za wakubwa; mimi sina gazeti. Ndugu yangu, je, huna simu? Siku hizi mtu mwenye simu anaweza kutawanya neno kwa watu mia kabla chai yake haijapoa. Mashine ya Sauti ya TANU ilihitaji karatasi, wino na mkono wa kuizungusha. Simu inahitaji kidole kimoja. Hatari imeongezeka, wala haikupungua.

Nanyi mnaojua kwamba katika vijiji vyetu, mtoto akiugua au mtu akifa ghafula, neno huanza kutembea usiku. Fulani anamtazama bibi kizee mmoja asiye na watoto. Mwingine anamtazama yatima anayelelewa na shangazi. Asubuhi neno uchawi limekwisha kufika kisimani, na jioni limefika katika simu za watu wa kijiji cha pili. Bibi yule anafukuzwa, na yatima analala sokoni. Ukiuliza nani aliyesema kwanza, kila mtu anajibu kwamba yeye alisikia tu. Hakuna anayesimama na kusema: Neno hili ni langu, niulizeni mimi.

Mtume Yakobo alifananisha ulimi na moto mdogo unaounguza msitu mkubwa. Basi Mkristo asimwagie msitu mafuta. Kabla ya kutoa neno juu ya mwenzako, jiulize: Je, ni kweli, na nimelijuaje? Je, linamsaidia mtu, au linamwumiza bure? Je, niko tayari kusimama mbele ya wazee, mbele ya padri, na mbele ya mtu huyo mwenyewe, na kusema kwamba neno hili ni langu? Usipoweza kujibu, nyamaza.

Na kama umekwisha kulitoa, na likawa la uongo, haitoshi kujuta moyoni. Aliyeiba mbuzi lazima arudishe mbuzi. Aliyeiba jina jema lazima alirudishe. Nenda kwa wale uliowaambia, uwaambie kwamba ulikosa. Ni jambo chungu. Lakini rais wa nchi aliweza kuyakiri makosa yake mbele ya dunia nzima. Nasi je, tutashindwa kukiri mbele ya nyumba kumi?

Siku ya Ubatizo wenu mtaulizwa mbele ya jumuiya yote kama mnamkataa shetani, ambaye Bwana wetu Yezu Kristu alimwita baba wa uongo. Mtajibu kwa sauti. Neno hilo litakuwa lenu, na Mungu atawauliza habari zake. Jiandaeni tangu sasa kwa kulinda maneno madogo ya kila siku.

Maswali ya kujibu katika kundi

1. Julius Nyerere alibatizwa mwaka gani, naye alikuwa na umri wa miaka mingapi? Tunajifunza nini kwa kungoja kwake?

2. Kwa nini neno lililoandikwa na kutawanywa ni la hatari kuliko neno lililosemwa kwa watu wachache?

3. Mbele ya hakimu mwaka 1958, Julius angeweza kufanya nini ili kujiokoa? Alifanya nini?

4. Tajeni kosa moja la uongozi wake. Kwa nini haifai kulificha tunaposimulia maisha yake?

5. Katika kijiji chetu, je, yuko mtu aliyeharibiwa jina kwa neno lisilo na ushuhuda? Msimtaje mbele ya watu. Kila mmoja afikiri moyoni kama naye alilipitisha neno hilo, na namna atakavyolirekebisha.

Kusudi la mwezi huu: Kila mkatekumeni amfuate mtu mmoja aliyemsema vibaya, au mtu mmoja aliyemwambia habari mbaya ya mwenzake, na kusahihisha kosa lake kabla ya mwezi kuisha.